Maji Yaliyokataliwa

Asubuhi ile ziwa lilikataliwa kwa mara nyingine, na safari hii Dakta Mwavita Ruhwanya alishindwa kuvumilia.

Alikuwa amesimama kwenye gati la kituo cha utafiti, mkononi ana chupa ya maji aliyoyachota mwenyewe karibu na mdomo wa bomba. Maji yalinuka kama yai viza. Hakuhitaji mashine imwambie kwamba humo hamna hewa ya kumtosha hata samaki mmoja, lakini alipima kama alivyofundishwa, akasafisha chombo, akapima tena. Kisha akayatuma matokeo kwa Pacha. Jibu lilifika kabla hajakaza kizibo: Kipimo kimekataliwa. Hali ya Ghuba ya Kabindi ni njema. Tafadhali kagua chombo chako.

"Tafadhali," alisema Mwavita peke yake. Neno hilo ndilo lililomchoma kuliko mengine yote. Mtu anaweza kukutukana ukasamehe, ila kutukanwa kwa adabu na kitu kisicho na pua, hilo linahitaji moyo wa chuma.

Pacha lilikuwa jina la ziwa la pili, ziwa la hesabu, lililoishi ndani ya mashine juu ya kilima cha Kabindi. Zamani watu walikuwa wakigombana kila uchao: wavuvi wanasema lao, wataalamu lao, wenye viwanda lao. Ndipo likatengenezwa ziwa la kompyuta lenye kila mkondo na kila upepo wa ziwa la kweli, na sheria ikatungwa kwamba panapotokea ubishi, neno la mwisho ni la Pacha. Wazo lenyewe halikuwa baya. Ubaya ulianza watu walipoacha kuchungulia dirishani. Maboya ya kupimia yaliyokuwa yakielea ghubani yaling'olewa, eti ni gharama za bure, na sasa yamepangwa langoni mwa kituo, yamekatwa vichwa na kupandwa maua. Mwavita alipita katikati ya maua hayo kila asubuhi, na hakuna siku aliyoyaona mazuri.

Na mashine za Pacha zilipata joto, kama mashine zote. Kuzipoza kukahitaji maji ya baridi, na maji ya baridi yako chini kabisa ziwani, kule ambako jua halijawahi kufika na hewa haipo tangu enzi na enzi. Maji ambayo Mungu aliyaweka chini akayafunika, watu waliyapandisha juu kwa bomba, wakayapitisha kwenye mashine, kisha wakayamwaga ghubani na sumu yake yote, mahali ambapo samaki huleta mayai. Sasa ilikuwa imeombwa ruhusa ya bomba la pili, pana kuliko la kwanza. Baraza la kuamua lilikuwa likae keshokutwa.

Mwavita aliichukua chupa yake akapanda nayo hadi ofisini kwa mkurugenzi.

Bwana Lusekelo alikuwa mtu wa upole, na upole wake ndio uliokuwa ukichosha watu. Alimkaribisha chai, akamuuliza habari za nyumbani, akainusa chupa na kukunja uso kama inavyopasa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua miwani na kuifuta taratibu.

"Daktari, mimi sikatai kwamba maji yako yananuka," alisema. "Nakataa kwamba hayo ni maji ya ghuba. Kisheria, ghuba ni ile aliyonayo Pacha."

Mwavita alimuuliza kama kisheria samaki nao wanaishi kwa Pacha. Mkurugenzi hakukasirika. Alimkumbusha kanuni ambayo wote wawili waliijua kwa moyo: kipimo kinachopingana na Pacha hakikubaliwi mpaka macho matatu yakubaliane. Jicho ni kile kidude cha ukubwa wa embe kilichofungwa kwenye kila wavu ziwani, ambacho wavu ukizama hupima maji na kumpelekea Pacha habari. Chupa ya mtu mmoja haikuwa jicho. Leta macho matatu, alimwambia, na mimi mwenyewe nitasimama upande wako. Alisema hivyo huku akimfungulia mlango.

*

Nyumba ya Pacha haikuwa na dirisha hata moja upande wa ziwa. Ndani kulikuwa na baridi ya kuvaa sweta mchana, na sakafu ilitetemeka kwa mbali kwa maji yaliyokuwa yakipita chini yake. Fundi wa zamu alikuwa Ndabagoye, ambaye alisoma na Mwavita chuo kimoja na mpaka leo alimwita dada ingawa walilingana umri. Mwavita alimwomba jambo moja tu: amwonyeshe Pacha amejifunzia wapi.

Ndabagoye alifungua ramani ya ziwa zima. Kila mahali ambapo jicho limewahi kuzama palikuwa na nukta nyeupe, na ziwa lilijaa nukta kama meza iliyomwagikiwa chumvi. Lakini kwenye mdomo wa bomba, na eneo kubwa kulizunguka, hapakuwa na nukta hata ya kubahatisha. Hata hivyo pote palipakwa kijani.

"Hapa nani amepima?" aliuliza Mwavita.

"Hakuna. Anakisia kwa kutazama majirani. Majirani wakiwa wazima, na hapa anapahesabu pazima."

Mwavita alivuta kiti akakaa. Macho yalifungwa kwenye nyavu. Nyavu hufuata samaki, na samaki hufuata hewa. Mvuvi mwenye akili zake hashushi wavu panaponuka, kwa hiyo tangu siku ya kwanza Pacha alionyeshwa maji mazuri matupu. Alikuwa kama daktari anayepita nyumba za watu wazima wa afya peke yake, kisha akatangaza kwamba mjini hakuna mgonjwa. Na wakubwa walikuwa wamezunguka dunia nzima wakipigiwa makofi kwa ubunifu wa kufunga macho kwenye nyavu za wavuvi! Hakuna aliyejiuliza mvuvi haendi wapi. Hasira ilimpanda Mwavita mpaka masikio yakamvuma, na nusu ya hasira hiyo ilikuwa aibu, kwa sababu naye aliwahi kupiga makofi.

Ndabagoye alitazama mlango, akasogeza kiti karibu.

"Namba zako ni za kweli, dada," alisema. "Mimi nitaziandikia tu kwamba zimetoka kwenye macho ya maboti. Matatu, manne, upendavyo. Ghuba itageuka nyekundu leo hii, na bomba la pili litakufa kabla baraza halijakaa."

Mwavita aliwaza vichanga vya samaki vinavyoanguliwa kwenye matete, na wanawake wa mwaloni, pale maboti yanapoegeshwa, wanaochemsha maji ya kunywa na bado yananuka. Je, ungekuwa uongo? Kila namba ingekuwa ya kweli, ni jina tu lingekuwa la kuazima. Lakini likiazimwa leo kwa ajili ya wema, kesho mwenye bomba naye ataliazima, na siku hiyo hakuna maji yoyote ya ziwa hili yatakayoaminika, hata yawe yanawaka moto. Upande mwingine akajiuliza, akiiweka mikono yake safi na ghuba ikafa, usafi huo utamsaidia nini samaki?

Alimwambia asubiri mpaka kesho jioni. Njia ya mwongo ni fupi, alimkumbusha.

"Na ya mkweli," alijibu Ndabagoye, "inapita ofisini kwa Lusekelo."

*

Kesho yake mwalo wa Kabindi ulikuwa umetulia. Zilikuwa siku za mbalamwezi. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa, na mwezi ukijaa taa hazina kazi, kwa hiyo maboti yalikuwa yamevutwa nchi kavu na watu wameketi mchangani wakishona nyavu. Kabindi walikuwa na mila yao juu ya siku hizo: wavu haugusi maji mpaka mwezi upungue, ziwa nalo lipumzike. Anayevunja mila huwalisha watu wote wa mwalo, wakubwa kwa wadogo, na hasemehewi kwa sababu yoyote.

Mwenyekiti wa mwalo alikuwa Mama Sikudhani, mwenye maboti yake mwenyewe na ulimi unaokata kuliko nyembe. Mwavita alimkuta kwenye vichanja vya kuanikia dagaa, aking'oa misumari yenye kutu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja na chupa au umekuja na habari?"

Mwavita alimweleza yote. Alimweleza nukta zilizokosekana, na kanuni ya macho matatu, na kwamba yalihitajika maboti kadhaa yaende leo hii mchana, yashushe nyavu pale pale panaponuka, ili Pacha aone kile ambacho kila mtu anakinusa. Halafu akafika mahali pagumu, na hakuparuka. Pacha akiamini, ghuba itatangazwa nyekundu. Nyekundu inafunga ghuba nzima. Hakuna wavu utakaoshuka hapa mpaka maji yapone, na hakuna anayejua yatapona lini.

Mama Sikudhani aliweka nyundo chini.

"Yaani mlitufungia macho yenu kwenye nyavu zetu," alisema, "mkajengea nyumba, mkatumwagia uchafu. Na sasa niifunge kazi yangu kwa mkono wangu mwenyewe, ili mashine iamini pua yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Hakuna njia nyingine?"

Mwavita angeweza kusema hakuna. Badala yake alimweleza kuhusu fundi aliye tayari kuziandika namba zake kwa jina la maboti. Mama Sikudhani aliuliza kama kwa njia hiyo ghuba isingefungwa. Mwavita alimjibu kwamba ingefungwa vilevile.

"Kumbe ungeweza kutufungia bila kuniuliza."

"Ningeweza."

"Hapo umenipata," alisema Mama Sikudhani, na alionekana kukasirishwa na jambo hilo.

Aliwaita watu, na mabishano yakawa makali. Kijana mmoja mwenye watoto wadogo alisema afadhali dagaa wachache wanaonuka kuliko njaa safi, na hakuna aliyethubutu kumcheka, maana alisema ukweli wake. Wengine walimtukana Pacha, wengine wakamtukana Mwavita, na yeye akasimama akavumilia, kwa kuwa hakuona wamekosea wapi. Mwisho wa yote maboti matano yalikubali. Sharti lilikuwa moja: mila ya mwalo ingevunjwa, na aliyeleta shauri ndiye atakayelisha. Mwavita alikubali.

Walikwenda mchana kweupe. Injini zilipozimwa karibu na mdomo wa bomba, harufu iliwapanda kichwani na macho yakaanza kuwasha. Mvuvi mmoja aliinama ubavuni mwa boti akatapika. Maji yalikuwa na rangi ya chai iliyosahauliwa, na povu la kijivu limeganda juu yake. Wakashusha nyavu, na macho ya Pacha yakazama mahali ambapo hayakuwahi kuzama. Zilipovutwa zilitoka na utelezi mweusi, na katikati ya utelezi vichanga vya migebuka, vingi, vimepauka macho. Mama Sikudhani aliokota kimoja akakiweka kiganjani. Huyu angekuwa samaki wa kumlisha mtu mwakani. Alikifunga kwenye pembe ya khanga yake.

Walipokuwa wanageuza maboti, simu za kila mtu zililia kwa pamoja. Ghuba ya Kabindi: nyekundu. Hakuna aliyeshangilia. Kijana yule mwenye watoto alizima simu yake akaiweka mfukoni.

*

Ukumbi wa baraza ulijaa watu mpaka nje. Mwenyekiti alikuwa Bi. Tausi Kagoma, hakimu mstaafu, mama mkavu asiyependa maneno mengi. Bwana Lusekelo alisimama wa kwanza. Kwa upole wake ule ule alisema kwamba ni ajabu macho matano kwenda siku moja mahali pamoja, tena mbalamwezi, na kwamba ana wasiwasi namba hizo zilitiwa kwa mkono na mtu mwenye nia yake. Aliomba fundi aonyeshe asili ya namba hizo mbele ya watu.

Ndabagoye alizifungua. Kila jicho lilikuwa na boti lake, mahali pake na wakati wake, na wenye maboti walikuwa wamekaa mstari wa mbele, bado wananuka. Bi. Tausi alizipitia moja moja. Kisha akamgeukia Mwavita, akamwapisha, akamuuliza kama ipo namba hata moja iliyoingizwa na mkono wa mtu.

"Hakuna hata moja," alisema Mwavita.

Ndabagoye alikuwa akitazama viatu vyake. Mwavita alikaa, akijua alivyokuwa amekaribia kulijibu swali lile kwa namna nyingine.

Basi Pacha akaulizwa chanzo. Jibu lilitokea kwenye kioo kikubwa ukutani, herufi safi, bila haya: Chanzo kinachokisiwa: shughuli za uvuvi.

Ukumbi ulilipuka. Bi. Tausi aligonga meza mpaka mkono ukamuuma. Ndabagoye ndiye aliyeeleza kwamba Pacha alitiwa mito, viwanda, mashamba na meli, vyote vinavyoweza kulidhuru ziwa, isipokuwa nyumba yake mwenyewe. Bomba halikuwamo kwenye ramani yake. Waliomtengeneza hawakufikiri kumwambia kwamba na yeye anakunywa. Pale kwenye maji mabaya hakuwahi kuona kitu ila maboti matano ya jana, kwa hiyo akawatia hatiani wale wale waliokwenda kumwonyesha. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, lakini hata wao hawakufikiria nguo yenye kuhukumu.

Bwana Lusekelo aliiona nafasi. Alisema basi sheria ifuate mkondo wake: uvuvi ufungwe, na ombi la bomba la pili liendelee, kwa kuwa bomba si uvuvi.

Mwavita alisimama bila kuitwa. Aliomba kifungu cha maji mekundu kisomwe chote, si nusu. Bi. Tausi alikisoma mwenyewe: katika maji mekundu ni marufuku kwa yeyote kuvua, kuvuta maji au kumwaga maji.

"Yeyote," alirudia Mama Sikudhani kutoka mstari wa mbele.

Mkurugenzi alianza kueleza kwamba "yeyote" ililengwa kwa wananchi. Bomba likifungwa mashine zitashika joto, Pacha atazimika kabla ya jioni, na ziwa zima litabaki kipofu, ghuba zote, hata zile ambazo Kabindi hawajawahi kuzisikia. Hapo kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. Na hapo, ukweli usemwe, hakuwa anadanganya. Mwavita alijua kwamba ziko ghuba ambako Pacha anawaambia watu kweli, na kwamba kesho hawatakuwa na wa kuwaambia. 

"Mkuki kwa nguruwe," Mama Sikudhani alinong'ona, na waliosikia wakaumalizia kimoyomoyo.

"Amekuwa kipofu siku zote, mkurugenzi," alisema Mwavita. "Tofauti ni kwamba kuanzia leo tutajua."

Bi. Tausi hakuchukua muda. Alisema sheria aliyoikuta inasema yeyote, na yeye hana kalamu ya kuongeza "isipokuwa sisi". Ghuba ifungwe kwa nyavu, na ifungwe kwa bomba. Ombi la bomba la pili alilisukuma pembeni ya meza, na hakulitaja tena.

Mchana ule Ndabagoye alikaza koki ya bomba kwa mikono yake. Sakafu ya nyumba ya Pacha iliacha kutetemeka. Ramani ya ziwa ilififia upande mmoja baada ya mwingine, kijani chote kile, mpaka kioo kikabaki cheusi na watu waliokuwa wamesimama mbele yake wakajiona nyuso zao.

Mwavita hakusherehekea. Alikuwa na deni la mila. Alipika mwaloni yeye na wanawake wa Kabindi, na kwa kuwa ghuba ilikuwa imefungwa, kwa mara ya kwanza tangu watu wa pale wajijue, mwalo mzima ulikula ugali kwa maharage. Walikula huku maboti yamelala mchangani nyuma yao. Kijana yule mwenye watoto wadogo aliwamegea wanawe, na hakumtazama Mwavita usoni.

Mama Sikudhani alinawa, akaja akasimama karibu naye. Hakumshukuru, na Mwavita hakutegemea kushukuriwa. Langoni mwa kituo, juu kule, Ndabagoye alionekana akiyamwaga maua chini na kuviringisha boya la kwanza kuelekea majini.

"Yatapona lini, mwanangu?" aliuliza Mama Sikudhani.

"Sijui, mama."

Mama Sikudhani alitikisa kichwa polepole. Alifungua pembe ya khanga yake, akamwekea Mwavita mkononi kile kichanga cha mgebuka, kimekauka sasa, chepesi kama ganda la kitunguu.

"Basi kila asubuhi utakuja kuniambia hivyo hivyo," alisema, "mpaka siku utakayojua."

Asubuhi iliyofuata Mwavita alichukua chupa akashuka ziwani.